Sikukuu Ugenini: Krismasi na Idi katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kichwa cha insha "Sikukuu nyumbani" ni miongoni mwa vichwa ambavyo kila mwalimu wa lugha amepata kuvitoa darasani bila kufikiri sana. Mimi nimekitoa mara nyingi hapa Gatete, katika Rumonge, na aghalabu wanafunzi huinama na kuanza kuandika. Lakini Desemba 2010, mvulana mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono, akauliza: "Samahani mwalimu, nyumbani wapi?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwa haraka aandike ya hapa, kwa kuwa hapa ndipo nyumbani. Akaandika mistari mitatu, akaweka kalamu chini.

Mvulana yule alizaliwa Tanzania, na mama yake pia alizaliwa Tanzania. Babu yake alizaliwa mwendo mfupi tu kutoka darasa lile. Familia ilikuwa imerudi muda mfupi kabla ya hapo, na Krismasi aliyoifahamu yeye ilikuwa ya huko alikotoka. Jibu langu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa ramani, wala halikumsaidia. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali lake kwa njia ya historia: je, watu waliopata kuishi ugenini katika mwambao huu wa ziwa waliziadhimishaje sikukuu zao? Makala haya ni jaribio la kulijibu.

SIKUKUU YA UDONGO NA SIKUKUU ZA SAFARI

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba Desemba ya Burundi ilikuwa na sikukuu yake kabla Noheli haijafika. Sikukuu hiyo ni Umuganuro, sherehe ya mtama, ambayo iliadhimishwa kila mwaka katika makao ya mwami wakati wa kufungua msimu wa kupanda zao hilo. Ngoma tukufu ya ufalme, Karyenda, ilikuwa na nafasi yake katika ibada hizo, na mwami ndiye aliyetoa baraka ili nchi ianze kupanda. Umuganuro wa mwisho wa namna hiyo ulifanyika 1929, wakati wa utawala wa Wabelgiji, pale serikali ya kikoloni na dini mpya zilipokwisha kuuona kuwa ni mila ya kupigwa vita.

Umuganuro ulikuwa sikukuu ya udongo. Ulifungwa na mbegu, mvua, mfalme na nchi yake. Mrundi aliyekuwa mbali na nchi ile aliweza kuukumbuka, lakini hakuweza kuufanya, kwa maana mwami hakuwapo wala ngoma haikuwapo.

Idi na Krismasi ni za aina nyingine. Hizi ni sikukuu zinazosafiri. Mwislamu akiuona mwezi mwandamo wa Shawwal, awe Unguja au Ujiji, Idi imemfikia. Mkristo akiihesabu 25 Desemba, awe Roma au porini, Krismasi imemfikia. Anachohitaji ni hesabu ya siku na imani yake. Ndiyo maana historia ya sikukuu ugenini katika ziwa hili ni historia ya hizi mbili. Lakini tutaona kwamba sikukuu inayosafiri haisafiri na kila kitu. Hufika bila ndugu, bila jiko la mama, bila majirani wanaojua wimbo. Mtu hubaki na siku yenyewe, na ukimya wake.

UJIJI, DESEMBA 1871

Mfano wa kwanza ulioandikwa kwa urefu ni wa wageni wawili wanaojulikana na kila mwanafunzi wa historia. David Livingstone, Mskoti, na Henry Morton Stanley, mzaliwa wa Wales aliyetumwa na gazeti la Marekani, walikutana Ujiji mwaka 1871. Tarehe ya kukutana kwao ina mafunzo yake. Stanley katika kitabu chake alitaja 10 Novemba, lakini daftari la Livingstone linaonyesha siku za mwisho za Oktoba. Maradhi, safari na upweke vilikuwa vimeharibu hesabu ya siku. Kwa mtu aliye ugenini hilo si jambo dogo. Hana kengele ya kanisa ya kumkumbusha, wala jirani wa kumsahihisha. Akikosea hesabu, hukosea na sikukuu.

Baada ya kukutana walisafiri kwa mtumbwi kuelekea kaskazini, wakipita kando ya nchi ya Burundi, ili wajue kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliona kwamba unaingia. Jiwe kubwa la Mugere, kusini mwa Bujumbura, ni kumbukumbu ya siku walizolala huko mwishoni mwa Novemba. Wapo wanaolionyesha jiwe hilo kuwa ndipo wawili hao walipokutana kwanza. Hilo si kweli, kwani walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji. Kwa hesabu ya Stanley, walirudi Ujiji tarehe 13 Desemba.

Ikaja Krismasi. Stanley anaeleza kwamba waliazimia kuiadhimisha kama inavyoadhimishwa kwao, kwa karamu ya kadiri Ujiji ilivyoweza kutoa. Naye alikuwa ametoka katika homa usiku wa kuamkia siku hiyo, mnyonge sana, lakini aliamka mapema ili amweleze mpishi wake, Feraji, uzito wa siku ile kwa wazungu. Vitu vilipatikana sokoni, na vingine kwa Mwinyi Kheri, mkuu wa Waarabu wa Ujiji: kondoo mnono wa mkia, mbuzi, pombe, mayai, maziwa, ndizi, samaki, vitunguu na viazi vitamu. Basi kilichokosekana hakikuwa chakula. Hata hivyo karamu iliharibika. Nyama ya kuoka ilimshinda Feraji, na kitoweo kitamu cha maziwa na mayai kikaungua. Stanley anakiri kwamba kilichomwokoa mpishi na kipigo ni kwamba mikono yake yeye haikuwa na nguvu ya kuinuka. Siku mbili baadaye, tarehe 27 Desemba, waliondoka Ujiji kwenda Unyanyembe.

Wasomaji wengi wa habari hii hucheka. Mimi kila nikiisoma humfikiria Feraji. Aliamriwa kupika karamu ambayo hakupata kuila kwao, kwa maelezo ya asubuhi moja, kutoka kwa mgonjwa. Naye pia alikuwa ugenini, kwani alifika na msafara kutoka pwani, mamia ya maili. Tukiihesabu kalenda ya Kiislamu, mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1288 ulianza katikati ya Novemba 1871, na Idi iliangukia karibu na 14 Desemba. Kama hesabu ya Stanley ni sahihi, basi watumishi na wapagazi Waislamu wa msafara ule walifika Ujiji hasa wakati wa sikukuu yao. Karamu ya Krismasi imeandikwa hata kwa vitunguu vyake. Idi ya watumishi haikupewa nafasi ya namna hiyo.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu wa historia hana budi kuwaonyesha wanafunzi wake. Katika mji mmoja, kwa muda wa siku chache, ziliangukia sikukuu mbili za wageni. Moja ilikuwa na kalamu, nyingine haikuwa nayo. Tunapowauliza watoto juu ya sikukuu, yafaa tuulize pia ya nani haikuandikwa.

WAGENI WA RUMONGE

Miaka minane baadaye, wageni wa namna nyingine walikuja kukaa katika mwambao wetu wenyewe. Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868 na linalojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwanzoni mwa 1879, na mwaka huohuo walifungua kituo Rumonge. Hawa hawakuwa wapitaji kama Stanley. Walikusudia kukaa. Krismasi ya 1879 na ile ya 1880 ziliwakuta wageni hao katika nchi hii.

Hawakupata ya tatu. Tarehe 4 Mei 1881 ulizuka ugomvi uliohusu mtoto aliyekuwa akilelewa katika kituo, wakauawa Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao Félix D'Hoop. Kituo kikafungwa. Ilipasa ipite miaka kumi na saba kabla ya misheni za kudumu kuanzishwa ndani ya Burundi: Muyaga 1898, na Mugera 1899. Kwa hiyo Noheli, ambayo leo kila kilima cha Burundi huiona kuwa ni yake tangu zamani, ilianza katika Rumonge kama sikukuu ya wageni wachache kando ya ziwa, kisha ikanyamaza kwa muda mrefu.

Idi nayo ilikuja kwa njia ya maji. Wafanyabiashara wa Ujiji, Waarabu na Waswahili, walikuwa wakipita mwambao huu kwa mitumbwi na majahazi. Mkubwa wao wa baadaye, Muhammad bin Khalfan aliyeitwa Rumaliza, alijaribu kuingia ndani ya Burundi kwa nguvu, akazuiwa na mwami Mwezi Gisabo. Milima haikumpokea, bali pwani ya ziwa iliendelea kuipokea biashara, dini na lugha. Baadaye Wajerumani walipoanzisha kituo cha Usumbura mwaka 1897, Kiswahili kilikuja pia na askari na makarani. Ndipo ikatokea kwamba katika mji wa Rumonge Idi si sikukuu ya ugenini tena. Wajukuu wa wageni wale, pamoja na Warundi wengi waliosilimu, ndio wenyeji wanaowakaribisha wengine mezani.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huwa tunaifundisha kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina maana ya pili. Jembe ni ruhusa. Mtu akipewa jembe amepewa udongo wa kulima, na aliyepewa udongo hatabaki mgeni milele. Katika historia ya Rumonge neno hili lilikuja kuwa zito kuliko tulivyodhani.

KRISMASI ZA MAKAZI, BAADA YA 1972

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, nasi wa Rumonge na Nyanza-Lac tulikuwa katikati yake. Watu waliuawa na waasi, wengi wao Watutsi. Kisha yakafuata mauaji ya Wahutu yaliyofanywa na dola kwa miezi kadhaa katika nchi nzima. Idadi ya waliokufa hukadiriwa kati ya 100,000 na 300,000. Zaidi ya laki moja walikimbilia nchi za jirani, wengi wao Tanzania. Kutoka mwambao wetu watu walivuka kwa mitumbwi au walipita nchi kavu kuelekea Kigoma.

Serikali ya Tanzania iliwapa wakimbizi hao ardhi katika makazi makubwa ya magharibi. Ulyankulu na Katumba yalifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mishamo yalifuata mwishoni mwa miaka hiyo, baada ya Ulyankulu kuonekana kuwa na watu wengi kuliko maji na ardhi yake. Familia zilikata miti, zikalima mahindi, maharagwe, mihogo na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yakijitegemea kwa chakula. Mgeni alipewa jembe, naye akalishika.

Je, Krismasi zao zilikuwaje? Wazee wa hapa Gatete waliorudi kutoka huko hujibu kwa neno moja: kimya. Ukimya huo ulikuwa na sababu zake.

Sababu ya kwanza ni kibali. Kwa sheria ya udhibiti wa wakimbizi ya 1965, na baadaye ile ya 1998, mkimbizi hakuwa huru kutoka katika makazi yake bila ruhusa ya maandishi. Mfanyakazi wa Dar es Salaam huenda kwao Desemba. Mwanafunzi huenda kwa shangazi. Mkimbizi hubaki palipoandikwa jina lake. Sikukuu ya kukaa nyumbani haikuwa chaguo la mtu aliyechoka na safari. Lilikuwa sharti.

Sababu ya pili ni majira. Katika magharibi ya Tanzania mvua huanza Novemba, na Desemba ni mwezi wa kupanda na kupalilia. Ghala huwa limepungua, na fedha ya tumbaku iko mbali. Kule Burundi, maharagwe ya msimu wa kwanza huanza kuvunwa karibu na mwisho wa mwaka, hivyo Noheli hukuta chungu kina kitu kipya. Wakimbizi walijikuta wanaadhimisha sikukuu ileile katika majira yasiyofanana. Wali, kama ulipatikana, ulinunuliwa kwa mkopo. Wengi walikula ugali na maharagwe, wakarudi shambani tarehe 26.

Sababu ya tatu ni hesabu ya watu. Katika nyumba nyingi, wasiokuwapo walikuwa wengi kuliko waliokuwapo. Mzee mmoja amenisimulia kwamba baba yake, baada ya ibada ya Krismasi, alikuwa akiwaketisha watoto na kuwatajia vilima vya kwao kimoja kimoja, pamoja na majina ya waliokaa pale: Gatete, Kizuka, Minago, Buruhukiro, Kigwena. Watoto walipaswa kuvirudia. Hapakuwa na wimbo wala zawadi. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu yao, nao waliozaliwa Mpanda au Urambo walijua njia za Rumonge kwa masikio.

Habari hii inaafikiana na yale aliyoyaandika mtafiti Liisa Malkki katika kitabu chake Purity and Exile cha 1995, kilichotokana na utafiti wa miaka ya 1985 na 1986. Malkki aliwalinganisha wakimbizi wa Mishamo na wale waliokuwa wakiishi mjini Kigoma. Aliona kwamba watu wa Mishamo walijiona kuwa taifa lililo ugenini, wakiihifadhi historia yao kwa bidii na kungoja kurudi. Wale wa mjini walijichanganya na wenyeji, wakaoa na kuolewa, wala wengi hawakupenda kuitwa wakimbizi. Watu hao waliotoka katika nchi moja, kwa sababu moja, walikuwa na njia mbili za kuishi ugenini. Tukiitazama sikukuu kwa jicho hilo, twaona kwamba ya Mishamo ilikuwa kimya kwa sababu ilikuwa ikingoja. Ile ya Kigoma ilikuwa kimya kwa sababu ilikuwa ikijificha katikati ya kelele za majirani.

Hata hivyo ukimya haukudumu vilevile miaka yote. Makanisa yalijengwa katika makazi, na kwaya zikaundwa. Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, iliyochukua jina la mojawapo ya barabara zilizopewa namba katika makazi yale, ilikuja kusikika mbali sana na Urambo, nayo iliimba kwa Kiswahili. Waliokuja wakisali kwa Kirundi wakazaa watoto wanaomwimbia Mungu kwa Kiswahili. Bila kukusudia, sikukuu ya ugenini ilikuwa imeanza kuwa ya nyumbani.

KURUDI NYUMBANI, UGENINI

Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Miaka michache baadaye wakimbizi wa 1972 waliombwa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Walio wengi, kiasi cha wanne katika kila watano, walichagua Tanzania. Watu zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Zaidi ya 50,000 walichagua kurudi, nao walirudi hasa katika 2008 na 2009. Miongoni mwao ilikuwamo familia ya yule mwanafunzi wangu.

Kundi jingine lilirudi kwa namna tofauti. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilikuwa na wakimbizi wa vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Hadhi yao ya ukimbizi ilikoma Agosti 2012, na kati ya mwisho wa Oktoba na Desemba mwaka huo watu wapatao 34,000 walirudishwa Burundi. Kambi ilifungwa mwisho wa Desemba. Basi Krismasi ya 2012 iliwakuta watoto wengi katika nchi waliyoitwa yao tangu kuzaliwa, na ambayo hawajapata kuiona hata siku moja.

Waliorudi Rumonge walikuta nini? Kwanza, walikuta michikichi. Mwambao huu ndio kitovu cha mawese katika Burundi, na baada ya 1972 sehemu ya ardhi ya waliokimbia ilipandwa michikichi katika mradi wa serikali, na sehemu nyingine walipewa watu wengine. Wale waliopewa walilima, wakajenga, wakazika wazee wao pale. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliyoundwa 2006 ilipokea maelfu ya mashauri. Mara nyingi pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusema "hapa ndipo kwetu", moja kwa sababu ya kaburi la babu, nyingine kwa sababu ya kaburi la baba. Wasio na ardhi waliwekwa katika vijiji vipya, pamoja na majirani wasiowajua. Katika vijiji hivyo Krismasi ya kwanza ilifanana sana na ile ya Ulyankulu ya zamani: nyumba mpya, shamba changa, na swali la nani hayupo. Safari hii, wasiokuwapo walikuwa wamebaki Tanzania.

Pili, walikuta lugha. Watoto waliosoma kwa Kiswahili na Kiingereza waliketishwa katika madarasa ya Kifaransa, na Kirundi chao kilikuwa cha nyumbani tu, chenye maneno ya Tanzania. Hata samaki walibadilika majina. Yule aliyemjua kwa jina la mgebuka Kigoma alimkuta akiitwa mukeke Rumonge, na dagaa akawa ndagala. Ziwa ni moja, wavu ni mmoja, lakini mtoto akitaja jina la ng'ambo hujulikana mara moja alikotoka. Na neno "Mswahili" hapa kwetu si jina la sifa siku zote. Wapo wanaolitumia kwa maana ya mtu mjanja. Mwalimu wa Kiswahili anayesikia wanafunzi wakiitana hivyo anapaswa kujua kwamba somo lake limeguswa.

Hatimaye yupo anayeondoka tena. Katika msukosuko wa 2015 maelfu kwa maelfu ya watu walivuka mpaka na kukusanyika Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na ziwa, ambapo kipindupindu kiliwapata. Meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliishusha ziwani wakati wa vita kuu ya kwanza, ndiyo iliyotumika kuwapeleka Kigoma. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kukimbia na kurudi hapo kabla. Krismasi ya mwaka huo waliikuta Nyarugusu na Nduta. Mtu mmoja aliweza basi kuwa ameadhimisha sikukuu hiyo kambini, kisha nyumbani, kisha kambini, bila kuvuka umri wa miaka ishirini na mitano.

HITIMISHO

Katika mifano hii yote, ugeni haukumzuia mtu kuwa na sikukuu. Kilichotofautiana ni kile alichotaka sikukuu imfanyie. Stanley alitaka Ujiji iwe Uingereza kwa mchana mmoja, akamlaumu mpishi iliposhindikana. Wazee wa Ulyankulu hawakudai kwamba pori lile ni Rumonge. Walikula kilichokuwapo, wakataja majina ya wasiokuwapo, na kesho yake wakapalilia. Naona kwamba hao wa pili ndio waliofaulu, ingawa karamu yao haikuwa na kondoo wa mkia. Kwa kutaja majina waliyaweka makao mawili katika nyumba moja, na watoto wao waliweza kuyapenda yote mawili.

Kwa hiyo leo nisingemjibu mwanafunzi yule kama nilivyomjibu. Nilimtaka achague nyumba moja, na yeye alikuwa nazo mbili, zote zikiwa za kweli. Mistari yake mitatu haikuwa uvivu. Ilikuwa sehemu ndogo niliyomwachia kuandika. Ningemwambia aandike ya Katumba na ya Gatete, aeleze kilichokuwa mezani huku na huku, na nani alikosekana huku na huku. Nadhani angejaza daftari.

Walimu wenzangu, kichwa kile cha insha tusikitupe, bali tukipanue. Tuwaombe wanafunzi wamwendee babu au bibi, au jirani aliyekuwa Mishamo, Mtabila au Kigoma, au yule aliyebaki hapa na kulinda shamba, wamwulize juu ya sikukuu moja tu anayoikumbuka, kisha waiandike kwa Kiswahili safi. Wawaulize Waislamu na Wakristo, waliorudi na waliokutwa. Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1972 wanapungua kila msimu wa mvua. Watoto wakiyasoma maandishi hayo kwa sauti darasani, mtoto wa aliyerudi na mtoto wa aliyekutwa watasikia kwamba katika nyumba zote mbili kulikuwa na siku kuu yenye kiti kitupu. Jambo hilo halitaamua shauri la shamba. Lakini ni vigumu zaidi kumwita mgeni mtu ambaye umekwisha kumsikiliza akiwataja watu wake kwa majina.

Wahenga walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mwambao wetu ni watu wachache ambao hawajapata kuwa mgeni na mwenyeji kwa zamu. Darasani ndipo pa kuanza kulisema hilo waziwazi, nami nimekwisha kuanza: Desemba hii nilipoandika kichwa cha insha ubaoni, niliandika "Sikukuu za makwetu", kwa wingi.